Ya Nani Leo, Obéline wa Fidèle?

Baada ya miaka thelathini na minane ya kupika, kugombeza na kulisha, Obéline Duguay, mpishi mkuu wa Nyumba ya Wazee ya Mama Yetu wa Bandari hapa Pointe-Cormoran, anastaafu rasmi Ijumaa tarehe 15 Agosti. Ofisi ilitaka aondoke mwisho wa Julai ili hesabu za mwezi zikae sawa. Yeye akasema ataondoka siku hiyo ya sikukuu ya watu wetu, wote wakiwa barabarani wakipiga masufuria yao, au haondoki kabisa. Ofisi ikatafakari kwa muda wa kikombe kimoja cha chai, kisha ikakubali.

Wengi wenu mnamjua kama Obéline wa Fidèle wa Thaddée. Hapa kwetu mtu asiyetajwa pamoja na baba na babu hajulikani ametokea mlango upi, na akina Duguay wamejaa mpaka makaburini. Mimi ni Azade wa Philias, mpishi msaidizi, niliyesimama naye kwenye jiko moja kwa zaidi ya nusu ya miaka hiyo. Kamati ya kumuaga imeniomba kurasa mbili zenye heshima na uchangamfu. Uchangamfu nitajitahidi. Kuhusu heshima, mwenyewe ameshanionya kwamba nikimwandika kama watakatifu wa kwenye kadi za sala, atanimwagia supu.

Aliingia hapa akiwa na umri wa miaka ishirini na saba, akaanzia kwenye beseni la vyombo. Hakudumu hapo, kwa sababu alikuwa na tabia ya kuonja kila kinachopita na kusema wazi kimekosa nini. Mpishi wa wakati ule alichoka kusahihishwa na mwosha vyombo, akampa mwiko ili anyamaze. Hakunyamaza, lakini chakula kikawa kizuri.

Mwaka wa tatu mikono yake ikaanza kuvimba asubuhi. Ilikuwa baridi yabisi, ile mbaya, inayokula viungo. Ilianzia vidoleni, ikapanda viwikoni, ikashukia magotini, na mpaka leo haijaaga. Dawa zimepunguza makali, hazijamaliza. Vidole vyake vimepinda, na kidole gumba cha kulia kiligoma zamani. Mkurugenzi wa siku hizo, mtu mwenye huruma, alimtengenezea meza ya mapokezi, na kiti chenye mto, na simu. Obéline aliikalia kwa asubuhi moja. Mchana alikuwa amesharudi jikoni, akisema wageni wanajua kusoma vibao vya milangoni, lakini viazi havijimenyi.

Tangu hapo alijitafutia njia zake. Upawa aliufunga kwenye kifundo cha mkono kwa mkanda wa kiatu cha zamani cha kutelezea barafuni. Unga aliukanda kwa viwiko, akiegemea meza kwa uzito wake wote, na huo ndio mkate ambao nyumba nzima inauita mkate wa viwiko. Wazee wetu wamekula mikate mingi maishani, na wanaukataa wa dukani hata ukiwa wa moto. Kuna aliyewahi kuapa kwamba akiugeuza anaona alama ya kiwiko.

Nitaje pia vita vya fricot. Mwaka mmoja halmashauri ya nyumba yetu ilipendekeza mchuzi wetu wa kuku na viazi uanze kutengenezwa kwa unga wa pakiti, ili kuokoa muda. Obéline hakubishana. Walipokuja kwenye kikao chao cha kawaida, aliwaandalia chakula cha mchana, akawapakulia hiyo ya pakiti kimyakimya, akasimama mlangoni mikono kiunoni kuwatazama wakila. Pendekezo halikufika kwenye kumbukumbu za kikao.

Sasa niingie kwenye lile ambalo kamati ilisema niliguse kidogo tu. Sitaligusa kidogo, maana bila hilo huyu si Obéline, ni mpishi tu aliyezeeka.

Watu wema walimchosha kuliko ugonjwa. Mama mmoja wa chama cha parokia alimwambia kwamba Mungu amemchagua kwa mateso haya kwa kuwa ana nguvu. Obéline akamtazama juu mpaka chini, akamwomba amfikishie Mungu ujumbe kwamba amekosea nyumba, kwa kuwa mama mwenyewe ana mabega mapana zaidi. Mhubiri mgeni aliyepita hapa kiangazi kimoja alimweleza kwamba asipopona, basi imani yake ina ufa mahali. Alimsikiliza vizuri sana. Alimpa kisu na gunia la tanipu amenye huku akieleza, na gunia likaisha kabla ya maelezo.

Mimi alinieleza mara moja tu, katika majira yangu ya kwanza ya baridi hapa. Nilikuwa nimemwona ameshika ukingo wa meza, uso umebadilika rangi, nikamwambia kwamba Mungu wake ana roho mbaya. Nilidhani atanifukuza.

"Huu ugonjwa hakuniletea yeye," akasema. "Umekuja wenyewe, bila hodi. Lakini jikoni kwangu hakai mgeni bure. Ukiingia, unashika kazi." Kisha akaongeza, bila kuniangalia, "Hata Yesu hakuupenda msalaba. Aliomba aepushwe, akanyimwa. Basi akautumia kwa ajili ya watu. Na mimi wangu nautumia, pamoja na wake. Lete vitunguu."

Kazi aliyoupa ugonjwa ndiyo iliyozaa desturi ya jiko letu. Kwa kuwa vidole vyake haviwezi fundo, kila asubuhi lazima mtu amfungie aproni, na anayeifunga ana wajibu wa kumuuliza: ya nani leo? Naye hutaja jina la mtu ambaye maumivu ya siku hiyo yatatolewa kwa ajili yake. Mjane wa chumba cha mwisho ghorofa ya pili. Mama aliyepoteza wanawe wawili baharini. Dereva wa greda la theluji. Siku moja alimtaja mtoza kodi, na siku nyingine askofu, akasema ya askofu ni makali lakini anayahitaji. Siku ikiendelea, ukisikia jina linatajwa polepole karibu na jiko, ujue goti limemkamata. Halafu mwiko unaendelea kuzunguka.

Habari zilisambaa kijijini, na kama kawaida yetu tukazichukua kichwa chini miguu juu. Ludger wa Onésime, mvuvi wa kaa mnayemjua, alikuja kuomba apewe siku ya kufunguliwa kwa msimu. Akapewa. Akarudi asubuhi ile kabla hajaingia chomboni, kofia mkononi, akauliza kwa adabu kubwa kama mikono imeuma vya kutosha usiku, maana aliamini kadiri Obéline anavyoumia ndivyo kaa watakavyojaa mitegoni. Alipoambiwa imeuma kiasi, akasononeka. Ndipo akamwomba, kwa wema wake wote, asimeze vidonge mpaka msimu uishe.

Obéline alichukua kikombe cha kahawa kilichokuwa mkononi mwa Ludger, akamezea vidonge vyake vyote mbele yake, akamrudishia kikombe. Akamwambia kwamba yeye si mzani wa kaa, kwamba mwenye kuyasifu maumivu hajawahi kushindwa kufungua chupa ya maziwa, na kwamba Mungu hafanyi biashara ya kilo kwa kilo. Yeye anampa Mungu kile kinachobaki baada ya dawa, basi, na hicho kinatosha. Ludger alivua vizuri mwaka ule, akaleta ndoo nzima ya kaa. Obéline aliwapika, lakini alikataa katakata kusema kwamba vitu hivyo viwili vinahusiana.

Hapa ni lazima niseme nilikosimama mimi. Kanisani naenda Krismasi na kwenye mazishi, na kwenye mazishi nasimama nyuma karibu na mlango. Mwaka wangu wa kwanza nilimwambia kwamba aproni nitafunga na swali nitauliza, lakini mimi asinitaje huko juu. Akasema haya. Katika asubuhi zote hizo, jina langu halijawahi kutoka kinywani mwake.

Ijumaa zilikuwa na mwenyewe. Ijumaa zote zilikuwa za Alyre, kaka yake.

Wazee wanamkumbuka Alyre wa Fidèle, aliyegombana na baba yake juu ya chombo cha uvuvi, akaondoka kwenda Alberta kwenye visima vya mafuta na kuapa kwamba hatakanyaga tena hapa wala kanisani. Baba alikufa, hakuja. Mama alikufa, hakuja. Obéline alitaka jambo moja tu, na alilisema wazi kwa yeyote aliyeuliza: kaka yake arudi mezani, kwa watu wake na kwa Mungu wake, kabla hajafa. Kwa hilo alitoa Ijumaa zake mwaka baada ya mwaka. Nilimuuliza siku moja kama anaona dalili yoyote. Alisema haoni hata moja, nimpitishie siagi.

Kisha Alyre akarudi. Alishushwa hapa kwenye gari la wagonjwa, upande mmoja wa mwili umekufa kwa kiharusi, hana mke wala mtoto wa kumtunza, akapewa chumba cha karibu na jikoni. Nyumba nzima ilifurahi. Mimi mwenyewe, nisiyeamini kitu, nilihisi nywele za shingo zikisimama. Tulikuwa tunajidanganya. Mwili ndio uliorudi, na ulimi uliokuja nao ulikuwa na makali yaleyale. Siku aliyosikia habari za Ijumaa, alimwita dada yake katikati ya ukumbi wa chakula, watu wote wakisikia.

"Naambiwa unaumia kwa ajili yangu," alisema. "Nilikutuma? Acha."

"Maumivu ni yangu," Obéline akamjibu, akimwekea sahani. "Nitampa nimtakaye. Kula."

"Na nikikataa kupokea?"

"Yatakaa mlangoni kwako mpaka ufungue. Mimi siyarudishi nyumbani."

Alyre akaonja fricot, akasema haina chumvi. Kuanzia kesho yake, nilipomfungia Obéline aproni na kuuliza, jibu likawa Alyre siku zote za wiki, si Ijumaa peke yake. Nilimwambia ni ukaidi. Akasema ndiyo, wameurithi wote wawili, na wake ni mkubwa zaidi.

Waliendelea hivyo kwa majira mawili ya baridi, yeye akilalamikia chumvi na dada yake akimkatia nyama vipande vidogo kwa mikono isiyoshika kisu vizuri. Sala ya chakula ilipoanza, Alyre aligeuza kiti chake cha magurudumu akatazama ukuta. Padre Normand alipita mara nyingi, akafukuzwa mara nyingi. Sisi wengine tulianza kumwonea Obéline huruma, jambo ambalo ni hatari kumwonyesha.

Kuna asubuhi moja ya Januari ambayo sijawahi kuisimulia. Dhoruba ilifunga barabara, zamu nzima ikakwama majumbani. Mimi nilifika kwa pikipiki ya theluji ya binamu yangu, nimechelewa sana. Obéline alikuwa amelala hapa hapa kwa sababu ya dhoruba, na hapakuwa na mtu wa kumfunga aproni. Nilipofungua mlango wa nyuma niliwaona. Alyre alikuwa kwenye kiti chake nyuma ya dada yake, kamba moja ya aproni mkononi, mkono wake mzima, na nyingine ameing'ata kwa meno, akitukana kupitia meno hayohayo. Fundo lilikuwa baya kuliko yote niliyowahi kuona. Alipomaliza, akauliza, akiigiza sauti yangu, "Ya nani leo?"

"Yako, mpumbavu wewe," Obéline akasema. "Ya nani mwingine?"

Alyre akalitazama fundo lake. Halafu akasema, "Basi leo tia chumvi." Mimi nikarudi nje, nikapiga buti zangu ukutani kwa kelele kama mtu anayefika sasa hivi. Obéline alishinda na fundo lile siku nzima na hakuruhusu mtu alirekebishe.

Alyre alikufa Kwaresima ya mwaka ule. Padre alikuja Jumatano, na kwa mara ya kwanza hakutukanwa. Aliambiwa aje kesho, kwa kuwa Jumatano kulikuwa na mpira wa magongo kwenye televisheni. Alhamisi alfajiri Alyre hakuamka. Kwa hiyo hakuungama, na ule mwisho mzuri tuliokuwa tumeusubiri wote, wa machozi na msalaba mkononi, haukutokea. Wanawake wawili walimsimamisha Obéline kwenye ukumbi wa chini, wakamuuliza kwa sauti ya chini kama marehemu aliwahi kupatana na Mungu.

"Jana alikula fricot yangu akamaliza," aliwaambia. "Mwacheni Mungu aanzie hapo."

Msidhani ilikuwa rahisi. Ukuta wa kikanisa chetu umegusana na stoo ya unga, na mchana ule nilikuwa stoo. Nilimsikia akiingia, nikasikia magoti yake yakikataa na yeye akiyalazimisha. Alilia kwanza, kwa muda. Kisha akasema kwa sauti kamili, ile anayotumia kwa wauza nyama, "Nimekupa mikono hii. Sikukuomba unirudishie. Nilikuomba yeye, yeye peke yake." Akapenga kamasi. "Haya. Sasa uko naye huko. Mtunze. Na usidhani nimemaliza na wewe, mimi siendi popote."

Nimewasikia watu wengi wakisali, na wengi walisali kama wanaojaza nafasi. Mwanamke yule alikuwa anazungumza na mtu.

Tulimzika Alyre Jumamosi, karibu na baba yake aliyegombana naye. Jumatatu asubuhi Obéline alikuja kazini kama kawaida. Nilimfunga aproni na sikuuliza kitu. Nani angeuliza? Miaka yote ile ilikuwa ya Alyre, na Alyre alikuwa udongoni. Nilifunga fundo nikaondoka kwenda kwenye jiko. Yeye hakusogea. Jiko zima likasimama, maji yakichemka.

"Azade," akasema, "leo huulizi?"

Nikauliza.

"Ya Alyre," akasema. "Alidhani ataniponyoka kwa kufa."

Na ikawa ya Alyre siku ile, na Ijumaa zote mpaka hii tunayoisubiri. Siku nyingine zimerudi kwa wajane na madereva na watu wa halmashauri. Mikono imezidi kuwa mibaya, na mwaka huu daktari amesema sasa imetosha, naye amekubali, baada ya kumwambia daktari kwamba amekubali yeye na si ugonjwa ndio ulioshinda. Mimi bado sijui kama Mungu hupokea vitu vya namna hii. Ninachojua ni kwamba ugonjwa ule ulikuja kummaliza mwanamke huyu, na badala yake umefanyishwa kazi miaka thelathini na mitano bila likizo, ukahudumia kijiji kizima. Anayesema mateso yale yalikuwa ya bure hajafunga ile aproni.

Sherehe itakuwa saa sita mchana kwenye ukumbi wa chakula. Kutakuwa na fricot, na nitaipika mimi, kwa hiyo atakuwa na la kusema. Kamati imemnunulia kiti cha kupumzikia. Ameshauliza ni nani kati ya wazee asiye na kiti kizuri, hivyo msishangae mkikiona ghorofa ya pili.

Saa kumi na mbili kasoro dakika tano jioni tutatoka barabarani kama kila mwaka, kuwapigia kelele wale wote walioamua zamani kwamba watu wetu wasiwepo, wakawafukuza mababu zetu kwenye ardhi yao, wasikie kwamba bado tupo. Miaka ya karibuni Obéline alibaki dirishani, kwa kuwa vidole vyake haviwezi kushika kifuniko wala kijiko. Mwaka huu atatembea mbele. Tumeshafanya jaribio kwenye bohari. Sufuria kubwa ya fricot inafungwa tumboni kwake kwa kamba za aproni, naye anaipiga kwa viwiko vilevile vya mkate. Ludger alikuwa bandarini na anasema aliisikia. Nilipomuuliza kama hataumia, Obéline alisema ataumia sana, na kwamba anataka ugonjwa wenyewe usikie kelele hiyo kwa karibu.

Obéline, sisi wa jikoni, wa kufulia nguo, wa ofisini na wa vyumbani, tunakushukuru kwa kila sahani na kila jina. Tunakuombea siku ndefu, asubuhi zisizouma sana, na jirani mwenye vidole vizuri vya kukufungia vifungo. Mlango wa nyuma haufungwi, unaujua.

Na hili ni langu mwenyewe. Ijumaa asubuhi nitakufunga aproni kwa mara ya mwisho, na nitauliza kama ninavyouliza siku zote. Najua Ijumaa zina mwenyewe, na Alyre hapendi kuguswa vitu vyake. Lakini ile ruhusa niliyokunyima mwaka wangu wa kwanza, nakupa sasa, mbele ya watu wote wanaosoma. Ukitaka kunitaja, nitaje. Mlango wangu uko wazi, nitapokea.

Azade wa Philias, jikoni